Mabao tisa ya Morocco, na swali la nani ni wetu

Kibanda umiza cha kutazamia mpira nilichokaa Temeke jioni ya Januari 4, 2026 kilijaa mpaka mlangoni. Taifa Stars walikuwa Rabat kucheza na Morocco hatua ya 16 bora ya AFCON, mahali ambapo hatukuwahi kufika tangu tushiriki fainali hizo kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Dakika ya 64 Brahim Díaz akapiga mpira kutoka pembe finyu, ukazama wavuni. Kelele zote zikakatika. Mzee mmoja wa benchi la mbele, kofia mkononi, akauliza bila kumtazama mtu: "Huyu si Mhispania huyu?"

Kijana wa pembeni yake akamjibu kwa uchungu: "Ndiyo hivyo, mzee wangu. Wenzetu wanakwenda kuokota Ulaya, sisi tunabaki na wa Mbagala. Tutawaweza lini?" Nyuma yangu mwingine akadakia kwamba heri kufungwa na wazawa kuliko kushinda na watu wa kuazima. Mpaka filimbi ya mwisho watu walikuwa wanabishana hilo kuliko mpira wenyewe.

Nilipofika nyumbani nilichukua kalamu. Tangu Novemba 2023 tumekutana na Morocco mara tano katika mechi za mashindano. Dar es Salaam, kufuzu Kombe la Dunia, 2-0. San Pédro kule Ivory Coast, AFCON ya Januari 2024, 3-0. Oujda, Machi 2025, 2-0. Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, robo fainali ya CHAN, Agosti 2025, 1-0. Kisha Rabat, 1-0. Mabao tisa, na sisi hatujawafunga hata moja.

Nikaanza kuuliza kila bao limefungwa na mtu aliyezaliwa wapi. Moja tulijifunga wenyewe. Yanabaki manane. Hakim Ziyech, mzaliwa wa Dronten nchini Uholanzi, alifunga Dar es Salaam. Romain Saïss, mzaliwa wa Ufaransa, alifungua karamu San Pédro. Brahim Díaz, mzaliwa wa Málaga, alifunga Oujda na akarudia Rabat. Hayo ni mabao manne ya waliozaliwa Ulaya. Manne mengine ni ya Azzedine Ounahi, Youssef En-Nesyri, Nayef Aguerd na Oussama Lamlioui, na hawa wote ni vijana wa nyumbani Morocco. Ounahi, En-Nesyri na Aguerd wamepita katika akademi moja, ile ya Mohammed VI iliyoko jirani na Rabat.

Nne kwa nne. Yule kijana wa kibandani alikuwa na nusu ya ukweli, na yule wa nyuma yangu alikuwa na nusu nyingine. Lakini kipigo kinachonikaa moyoni zaidi ni cha CHAN. Mashindano yale huchezwa na wachezaji wa ligi za ndani peke yao. Hapakuwa na Díaz wala Ziyech wala Hakimi. Walikuja vijana wa Ligi Kuu ya kwao, Lamlioui akiwa wa RS Berkane, wakatutoa kwenye uwanja wetu mbele ya watu wetu, kisha wakaenda Kasarani, Nairobi, kubeba kombe. Siku ile hakuna aliyeweza kusema tumefungwa na Ulaya.

Kwa hiyo, kabla hatujagombana kuhusu waliozaliwa ughaibuni, tukubaliane kwamba Morocco hawakuchagua kati ya njia hizi mbili. Walijenga akademi na wakati huohuo wakapeleka wasaka vipaji wao Madrid, Amsterdam, Brussels na Paris. Kikosi chao cha Qatar mwaka 2022, kile kilichokuwa cha kwanza kutoka Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, kilikuwa na wachezaji 14 kati ya 26 waliozaliwa nje ya nchi. Penalti iliyowang'oa Hispania ilipigwa na Achraf Hakimi, mzaliwa wa Madrid. Bao lililowang'oa Ureno lilikuwa kichwa cha En-Nesyri, mtoto wa Fès. Ukiondoa mmoja wao, huenda hadithi ile isingefika ilikofika.

Msimamo wangu ni huu. Mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa Portsmouth, Malmö au Toronto si mchezaji wa kigeni. Ni mtoto wetu aliyezaliwa mbali. Anastahili kuitwa kambini kwa kipimo kilekile anachopimwa mtoto wa Mbagala, na akiwa hana uwezo aachwe kama anavyoachwa yule wa Mbagala. Ninachokipinga ni kitu kingine kabisa, nitakifikia.

Nani amesahau jezi ya Yussuf Poulsen? Juni 16, 2018, mjini Saransk, Denmark walicheza na Peru katika Kombe la Dunia, na bao pekee la mchezo ule lilifungwa na yeye. Mgongoni hakuandika Poulsen, ambalo ni jina la upande wa mama yake. Aliandika Yurary, jina la baba yake, Mtanzania aliyefanya kazi katika meli za makontena na kufariki kwa saratani Yussuf akiwa na miaka sita tu. Mtoto wa miaka sita anabaki na kumbukumbu chache za mzazi. Miaka kama kumi na minane baadaye mtoto huyo akalibeba jina la baba yake mbele ya dunia nzima, herufi sita, kwenye jezi nyekundu ya nchi nyingine.

Simlaumu Poulsen hata kidogo. Alizaliwa Copenhagen, akalelewa na mama Mdenmark, akafundishwa mpira na Wadenmark tangu utotoni. Denmark ni kwao. Hata tungemwita, pengine angetujibu hapana, na angekuwa na haki. Swali langu linatuhusu sisi. Nchi ya baba anayempenda kiasi kile ingemwambia nini mtoto yule alipokuwa na miaka 15? Sheria zetu zingemwambia: ukifika 18, amua. Ukitaka kubaki Mtanzania, ukane Udenmark wako.

Hapo ndipo kwenye kiini cha jambo, na ndipo mijadala yetu ya vijiweni haifiki. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtambua mtoto aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania kuwa raia kwa kurithi. Ni jambo jema. Lakini sheria hiyohiyo haitaki mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mtoto huyo akitimiza miaka 18 anatakiwa aukane ule mwingine, la sivyo Utanzania wake unakoma. FIFA nao hawatazami asili wala mapenzi. Wanataka uraia kamili wa nchi unayoichezea. Ile hadhi maalumu iliyoingizwa kwenye sheria zetu kwa ajili ya diaspora inamrahisishia mtu kuingia nchini, kuishi na kumiliki ardhi, lakini si uraia, na kwa mchezaji haifungui mlango wowote.

Sasa mtazame kijana wa miaka 18 aliyeko kwenye akademi ya klabu ya Uingereza. Pasipoti yake ya Uingereza ndiyo inayomruhusu kuishi na kufanya kazi pale bila kibali. Akiikana, siku inayofuata yeye ni mchezaji wa kigeni katika mji aliozaliwa, anayehitaji kibali cha kazi ambacho hata nyota wa ligi zetu hukihangaikia. Tunamwomba auweke rehani mkate wake kabla hajaanza kuula, kwa ajili ya timu ambayo bado haijamhakikishia hata namba. Mzazi gani atamshauri mwanawe afanye hivyo?

Díaz mwenyewe aliivaa jezi ya timu ya wakubwa ya Hispania mwaka 2021, mechi ya kirafiki dhidi ya Lithuania, akafunga. Mwaka 2024, akiwa na miaka 24, akaamua kwamba atacheza Morocco, kwao upande wa baba. Kwa kuwa mechi ile ilikuwa ya kirafiki, kanuni zilimruhusu. Na tangu mwaka 2020 FIFA wamelegeza zaidi: hata aliyecheza mechi za mashindano zisizozidi tatu kabla ya kutimiza miaka 21 anaweza kubadili shirikisho, mradi isiwe fainali za Kombe la Dunia au za bara, na miaka mitatu iwe imepita. Dunia ya mpira imekubali kwamba kijana huchelewa kujijua. Morocco hawakumfungia Díaz mlango alipokuwa na miaka 18 na akili za miaka 18. Waliuacha wazi mpaka alipokuwa tayari kuingia. Ni mlango huo uliotufunga Rabat.

Nina dada, mtoto wa mama yangu mdogo, anayeishi Leicester, Uingereza, miaka mingi sasa. Mwanawe wa kiume ana miaka 16, ni winga, anafanya mazoezi na akademi ya klabu moja ya huko. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini usiku ule wa Rabat alinitumia ujumbe wa sauti, sauti imekauka: "Mjomba, mbona tumefungwa tena?" Niliusikiliza mara tatu. Silabi moja tu ndiyo iliyonishika, ile "tu". Mtoto hajawahi kuishi hapa hata mwaka mmoja, lakini aliposema tumefungwa alijihesabu ndani. Hakuna aliyemfundisha ajihesabu. Ni ugali wa mama yake, ni jezi ya bluu aliyoletewa na bibi yake, ni mechi za Stars wanazotazama sebuleni na madirisha yote yamefungwa kwa baridi.

Najua kuna hoja dhidi yangu, na iliyo nzito inasema hivi: hawa wanakuja kwetu kwa sababu wamekosa namba kwao. Wangeitwa na Uingereza wasingetukumbuka. Kwa baadhi yao ni kweli. Ila tukitumia kipimo hicho, tumwondoe pia kijana wetu anayetoka ligi ndogo ya Ulaya kwenda kubwa kwa sababu ya mshahara, maana naye anakwenda anakotakiwa. Mchezaji apimwe kwa anachokifanya akiwa uwanjani na jezi yetu. Haji Mnoga alizaliwa Portsmouth. Tarryn Allarakhia naye ni mzaliwa wa Uingereza. Charles M'Mombwa, aliyekulia Australia, ndiye aliyetufungia dhidi ya Nigeria katika AFCON ileile ambayo mwishowe tulitoka sare na Uganda na Tunisia, tukapenya hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia. Siku ile M'Mombwa anafunga, kibanda chote kiliruka. Sikusikia mtu akiuliza amesoma shule ya msingi gani.

Ndugu zetu wa Komoro wana somo lao pia. Nchi ndogo, mwanachama wa FIFA tangu mwaka 2005 tu, koo zake zimechanganyikana na za Zanzibar tangu enzi na enzi. Nusu ya maisha ya Mngazija iko Marseille. Wakakusanya watoto wa Marseille, wakampa timu kocha Amir Abdou ambaye naye ni mzaliwa wa hukohuko, na Januari 2022 wakaifunga Ghana 3-2 na kuitupa nje ya AFCON. Hatua iliyofuata, dhidi ya wenyeji Cameroon, walibaki bila kipa hata mmoja, wakamvisha glovu beki Chaker Alhadhur, na pamoja na hayo yote wakafungwa 2-1 tu, Youssouf M'Changama, mzaliwa wa Marseille, akifunga kwa mpira wa adhabu wa mbali. Nani atasimama Moroni awaambie watu kwamba ile haikuwa timu yao?

Nimesema kuna ninachokipinga. Napinga uraia unaotafutwa kwa ajili ya mpira pale ambapo hapakuwa na uhusiano wowote kabla ya mpira. Mwaka 2004 Qatar walijaribu kuwachukua Wabrazil wasio na ndugu wala makazi Doha, ndipo FIFA wakaweka masharti ya kuzaliwa, mzazi, babu au bibi, au kuishi nchini. Leo aliyehamia akiwa mtu mzima na hana damu ya nchi hiyo anatakiwa awe ameishi pale miaka mitano. Naliona hilo ni sharti la haki.

Ndiyo maana mjadala wa Januari 2025 uliniuma. Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa Singida Black Stars, waliotoka Ghana, Ivory Coast na Guinea, wamepewa uraia wa Tanzania. Sina ugomvi na vijana wale. Waliomba, wakapewa. Kwa kanuni ya miaka mitano wasingeweza kuivaa jezi ya Stars muda uleule hata kama kocha angewataka, lakini kwenye Ligi Kuu, ambako klabu ina ukomo wa wachezaji 12 wa kigeni, aliyepata uraia hahesabiwi tena humo. Kilichoniuma ni kuyaweka mambo mawili kwenye mizani. Upande huu mtu mzima anapokea pasipoti yetu, upande ule mtoto wa dada yangu anaambiwa akifika 18 ya kwake itakoma. Sheria inaweza kuwa imefuatwa kote kuwili. Moyo wangu bado unakataa.

Tofauti kabisa ni mkimbizi. Nchi hii mwaka 2014 ilikamilisha kutoa uraia kwa watu zaidi ya 160,000 wenye asili ya Burundi, familia zilizokimbia mwaka 1972 na kulima Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa zaidi ya miaka arobaini. Mtoto aliyecheza mpira wa makaratasi Ulyankulu ni Mtanzania kuliko baadhi yetu tunaoishi kwa kuota kuondoka. Kibu Denis alipewa uraia akiwa tayari anacheza ligi yetu, na leo ni mtu wa kawaida kabisa katika kikosi cha Stars. Jezi haijapungua rangi.

Upande wa makaratasi hatuna budi kuwa makini kuliko tulivyozoea. Emilio Nsue, mzaliwa wa Palma de Mallorca, aliichezea Equatorial Guinea zaidi ya miaka kumi, akawa nahodha, akawa mfungaji bora wa AFCON iliyochezwa mapema 2024 kwa mabao matano. Miezi michache baadaye FIFA wakasema hakuwahi kubadili shirikisho kwa utaratibu, akafungiwa, na nchi yake ikapokwa ushindi wa mechi mbili za kufuzu Kombe la Dunia. Malaysia walifika pabaya zaidi. Septemba 2025 FIFA waliwaadhibu wao na wachezaji saba, baada ya kuona kwamba hati zilizoonyesha babu na bibi wamezaliwa Malaysia hazikulingana na kumbukumbu halisi za huko Argentina, Brazil, Uholanzi na Hispania. Bibi wa kubuni! Taifa linapofika mahali pa kubuni mabibi, mpira umekwisha hapo.

Na wala nisiwadanganye kwamba sheria ikibadilika kesho tutakwenda Kombe la Dunia keshokutwa. Wakenya waliruhusu uraia wa nchi mbili katika Katiba ya 2010. Pamoja na hayo hawakuwapo AFCON za 2021, 2023 na 2025. Divock Origi, ambaye baba yake Mike Okoth aliichezea Harambee Stars, aliichagua Ubelgiji, na mwaka 2014 akaifungia kwenye Kombe la Dunia dhidi ya Urusi. Mlango wazi hauna maana kama hakuna anayesimama mlangoni kuita. Hakimi aliichezea timu ya wakubwa ya Morocco akiwa na miaka 17. Maana yake kuna mtu aliyekwenda Madrid akakaa na wazazi wake mapema, wakati mtoto bado hajulikani. Sisi huwa tunamkumbuka mchezaji wa ughaibuni wiki mbili kabla ya mashindano, akiwa na miaka 25, kupitia video fupi iliyosambaa mtandaoni.

Ningependa TFF, shirikisho letu la soka, iwe na watu wawili tu Ulaya, wa kudumu, wenye orodha ya watoto wetu kuanzia miaka 13, wanaojua majina ya mama zao. Ningependa watoto hao waitwe likizo ya Juni kwenye kambi za vijana, walale bweni moja na vijana waliotoka Umisseta, michezo ya shule zetu za sekondari, wale wali maharage pamoja, wajifunze kutukanwa kwa upendo kama tunavyotukanana mazoezini. Hoja ya kwamba wa nje watakula nafasi ya wazawa ingekufa humo bwenini, maana wangekuwa wamejuana tangu utotoni. Na ningependa pesa za kusaka watu nje zisitolewe kwenye mfuko wa viwanja vya mchangani. Mabao manne ya Ounahi na wenzake yananikumbusha hilo kila nikiyahesabu.

Lakini hayo yote yanasubiri kifungu kimoja cha sheria. Mwanangu wa Leicester atatimiza miaka 18 Machi 2027. Juzi mama yake alinipigia simu, akaniuliza fomu ya kukana uraia inachukuliwa wapi. Nikamwuliza, ya kukana upi? Akanyamaza kidogo. "Hata mimi sijui, kaka," akasema. "Yeye mwenyewe anauliza kama anaweza kungoja."